Kondoa na Vilima Vyake

Leo twende Kondoa, mji mdogo ulio kaskazini ya Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 160. Kama wewe ni msafiri wa mabasi ya Dodoma na Arusha, huenda umeupita mara nyingi bila kushuka. Tangu Aprili 2018, ilipozinduliwa barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, gari halina sababu ya kulala Kondoa wala kungoja maji ya korongo yapungue. Hiyo ni neema, na aliyewahi kukwama katika njia ile wakati wa mvua hahitaji kuelezwa. Ila neema hiyo imewafanya wengi waione Kondoa kuwa ni mahali pa kununua karanga dirishani na kuendelea na safari. Kumbe huo ni mji uliokuwa makao ya wilaya tangu enzi za Mjerumani, mji uliopiganiwa kwa mizinga, na mji ambao mipaka yake imechorwa na kufutwa kila ulipokuja utawala mpya.

Nina jambo moja la kusema leo, na nitalisema mapema ili unifuatilie vizuri. Watawala wote waliopita Kondoa walikaa bomani, wakahesabu watu, wakatoza kodi. Lakini ukitaka kujua nani alitawala vizuri na nani alitawala vibaya, usiangalie boma. Angalia vilima vya Irangi, nchi ya Warangi, na uangalie aliyelipa gharama ya kila amri iliyotolewa juu ya vilima hivyo.

Mji wenyewe umekaa chini, vilima viko juu yake. Mto wake ni wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka unavuka kwa miguu mikavu, kisha siku ya mvua kubwa maji yanashuka kwa kishindo, yamebeba udongo, na baada ya saa chache yamepita. Yanakwenda mto Bubu, na Bubu unakwenda kusini mpaka bwawa la Bahi, na huko ndiko mwisho. Hayafiki baharini. Maana yake ni kwamba mchanga unaotoka vilimani nao hauna pa kwenda mbali. Unabaki humo humo, katika mashamba ya watu wa chini.

Lakini Kondoa ina chemchemi. Moja ya kata za mji inaitwa Chemchem mpaka leo. Katika nchi ya kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja na inaweza kukatika mahindi yakiwa yanabeba, maji yasiyokauka ndiyo yanayoamua watu wajenge wapi. Misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilipofika Irangi katika karne ya 19, ilipata hapa maji na chakula. Baadhi ya Waswahili na Waarabu wa misafara hiyo walibaki, wakaoa, wakafundisha dini, na ndiyo sababu Kondoa imekuwa mji wa misikiti katika mkoa ambao sehemu zake nyingine nyingi zilishikwa na misheni.

Na watu waliowakuta hapo si wa namna moja. Warangi ndio wengi, na lugha yao ni ya Kibantu. Wapo Waalagwa na Waburunge, wenye lugha za Kikushi. Wapo Wasandawe upande wa kusini-magharibi, ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Wapo Wabarbaig na Wamaasai, wafugaji wa lugha za Kiniloti. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba mahali ambapo makundi hayo manne ya lugha za Afrika yanakaa jirani namna hii ni adimu sana barani. Mtawala yeyote aliyekuja Kondoa akidhani anakuja kutawala kabila moja lenye mfalme mmoja, alikosea tangu siku ya kwanza. Kwa Warangi, mambo ya ardhi na ya mvua yalikuwa mikononi mwa koo, si mikononi mwa mtu mmoja anayekaa katika ikulu.

Wajerumani waliweka kituo chao hapa kuelekea mwisho wa karne ya 19. Waliuita mji Kondoa-Irangi, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa wilaya kamili, ikiandikwa katika orodha moja na Dodoma, Tabora na Mwanza. Utaratibu wao tunaujua: Mzungu bomani, chini yake maakida, chini yao majumbe. Kodi ya kibanda ilianza 1898, na aliyeshindwa kulipa kwa fedha alilipa kwa kazi. Akida hakuwa mtu wa ukoo wowote wa Irangi. Mamlaka yake yalitoka bomani, na aliyempandisha ndiye aliyeweza kumshusha. Mpangilio huo, wa kiongozi anayetazama juu kwa aliyemteua kuliko chini kwa anaowaongoza, uliingia Kondoa wakati huo, na ni mgumu kuutoa.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Kondoa ikaachwa kando. Tangu hapo, kila kilichokuwa kizito, yaani mazao, mifugo na mizigo ya duka, kilitakiwa kiteremke kusini kwenye stesheni. Dodoma ikakua kwa reli hiyo, na Kondoa ikabaki mji wa barabara.

Sasa tufike mwaka 1916, maana hapo ndipo jina la Kondoa lilipoandikwa katika magazeti ya dunia. Mwezi Machi majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishika Moshi. Smuts akamtuma Jacob van Deventer, na wapanda farasi wa Afrika Kusini, washuke kusini kupitia Arusha. Mwanzoni mwa Aprili waliteka kilima cha Lolkisale, wakapita Ufiome, na tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa. Walifika wakiwa hoi. Farasi walikuwa wamekufa kwa mamia njiani kwa maradhi na uchovu. Mvua nazo zikafunga njia nyuma yao, magari yakazama katika tope, na askari wakawa katika mji wa kigeni bila akiba ya chakula.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliona nafasi. Alileta kampuni zake za askari kwa treni hadi Dodoma, kisha wakapanda kwa miguu kwenda kaskazini. Usiku wa tarehe 9 Mei walishambulia ngome za mbele za Waafrika Kusini, kusini ya mji. Walipigana gizani mpaka karibu na alfajiri, na shambulio likashindwa. Lettow hakuondoka mara moja. Alikaa vilimani kwa wiki kadhaa, akiupiga mji kwa mizinga, ukiwemo mzinga wa meli ya kivita Königsberg, ile iliyokwamishwa na kuharibiwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Mwishoni mwa Juni alirudi nyuma. Van Deventer naye, mvua zilipokwisha na vifaa vilipofika, akashuka na kuishika Dodoma mwishoni mwa Julai, na Reli ya Kati ikawa imekatwa.

Hadithi hiyo imeandikwa mara nyingi, na kila mara wanaotajwa ni majenerali. Mimi nataka tufikirie upande mwingine. Majeshi mawili yalikaa katika vilima vya Irangi kwa karibu miezi miwili, tena mwishoni mwa msimu wa kulima, wakati familia ndiyo kwanza inasubiri kuvuna. Yalikula nini? Mtama na uwele wa Warangi, ng'ombe na mbuzi wa Warangi na majirani zao. Nani alibeba risasi na unga kutoka kambi hadi kambi, wakati farasi wamekufa na magari yamezama? Wapagazi, Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu na pande zote mbili, ambao waliokufa kwa kuhara, njaa na homa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Jirani hapo, Ugogo, majeshi yalipomaliza kuchukua nafaka na mifugo, mvua nayo ikakataa, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Maelfu ya watu walikufa. Njaa ile haikuwa ya mvua peke yake. Ilitengenezwa na majeshi yaliyomaliza maghala, na nasema hivyo bila kusita.

Waingereza walipochukua nchi, gavana Donald Cameron aliipanga upya mwaka 1926 katika majimbo, na Kondoa ikawekwa katika Jimbo la Kati, makao yake Dodoma. Utawala ukawa wa kupitia wenyeji: machifu, baraza, hazina ya wenyeji, mahakama ya wenyeji. Mahali pasipokuwa na mfalme mmoja ilibidi wakubwa watafutwe au watengenezwe ili karatasi za bomani zikamilike. Sitakaa sana hapo. Jambo zito la wakati wa Waingereza Kondoa lilikuwa mbung'o na udongo.

Mbung'o walikuwa wameenea katika nyika za chini, na watu pamoja na mifugo yao wakabanana vilimani ambako mbung'o hawakuwapo. Serikali ikaamua kupigana nao kwa kufyeka vichaka, na Kondoa ikawa uwanja wa majaribio ya kazi hiyo. Watu walitolewa kufyeka kwa maelfu. Wakati huo huo vilima vilikuwa vinavuja udongo. Naomba nieleweke hapa: mmomonyoko wa Irangi haukuletwa na mfugaji wa Kirangi wa mwaka 1930. Watafiti waliopima tabaka za udongo katika miteremko ile wanaonyesha kwamba udongo ulianza kuhama karne nyingi kabla ya ukoloni. Huko Pahi na Haubi watu waliyeyusha chuma zamani, na tanuri la chuma linakula mkaa, na mkaa unakula miti. Kisha ikaja biashara ya misafara iliyotaka nafaka, ikaja vita, likaja banano la watu kwa sababu ya mbung'o. Mzigo wa karne nyingi ukaonekana wote kwa pamoja katika miaka ya 1930 na 1940, na aliyelaumiwa ni mwenye ng'ombe aliyekuwa amesimama hapo siku hiyo.

Amri zikatoka: limeni kwa matuta, punguzeni mifugo, msilishe katika vilima vilivyofungwa. Aliyekaidi alitozwa faini. Sehemu nyingi za Tanganyika amri za namna hiyo zilichukiwa, na Uluguru mwaka 1955 watu waligomea matuta waziwazi. Uhuru ulipokuja, hifadhi ya udongo ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa mambo ya mkoloni, na vilima vya Irangi vikaachwa viendelee kuvuja.

Mambo ya uhuru katika utawala niyapitie haraka. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa, na mwaka huo huo Jimbo la Kati likagawanywa, tukapata Mkoa wa Dodoma na Mkoa wa Singida. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zikavunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa watendaji wa serikali kuu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 watu walihamishiwa vijijini. Halmashauri zilirudi 1984, chini ya sheria za mwaka 1982. Weka akilini miaka hiyo kumi na miwili, 1972 hadi 1984.

Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden, na Kondoa ikawa mojawapo ya maeneo yake. Mwanzoni walifanya yaliyozoeleka: makingamaji, kuziba makorongo, kupanda miti. Baada ya miaka michache wakaona kazi haiendi, kwa sababu mti ukipandwa asubuhi, mbuzi anafika jioni. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri ambayo sijui mfano wake mwingine katika nchi yetu: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256, karibu sehemu ya kumi ya wilaya ya Kondoa ya wakati ule. Amri haikusema kupunguza. Ilisema kuondoa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, kati ya 85,000 na 90,000 kwa makadirio, walitoka.

Wasomi wa mazingira wanaitaja Kondoa kwa heshima, na kwa haki. Ndani ya miaka michache nyasi zilirudi. Miti ilichipua yenyewe kutoka kwenye mizizi ya zamani, mingi zaidi kuliko ile iliyopandwa na mradi. Maji ya mvua yakaanza kunywewa na ardhi badala ya kuteremka yote, mito ya mchanga ikatulia, na mahali palipokuwa mchanga mtupu watu wakalima. Mji wa Kondoa, ulioko chini, ni mmoja wa waliofaidika.

Lakini fikiria kaya yenye ng'ombe mwaka huo wa 1979. Maziwa ya watoto yalitoka kwa ng'ombe hao. Samadi ya shamba ilitoka kwao. Mahari, deni, ada ya shule, gharama ya msiba, vyote vilikuwa katika zizi. Kaya zenye ndugu nyikani zilipeleka mifugo huko, upande wa Kiteto na upande wa kusini ambako leo ni Chemba, na vijana wakaifuata. Kaya zisizo na ndugu ziliuza, na wote mnajua bei inakuwaje siku kila mtu anapouza. Familia ziligawanyika, mama na wadogo vilimani, baba au kaka nyikani. Claude Mung'ong'o wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti wake wa vilima hivyo uliotoka 1995, aliyachunguza mabadiliko hayo ya jamii pamoja na ya ardhi, na ndivyo yanavyotakiwa kuchunguzwa. Mwaka 1989 ulipoanzishwa utaratibu wa ng'ombe wa kufungiwa bandani, waliofaidika walikuwa wale walioweza kumpata ng'ombe wa kisasa na kumkatia majani kila siku. Katikati ya miaka ya 1990 mradi ulikwisha.

Sasa ile miaka niliyokuomba uiweke akilini. Amri ya 1979 ilitolewa na kutekelezwa wakati Kondoa haikuwa na halmashauri yake ya wilaya, ile ya madiwani wenye nguvu ya kupanga na kukataa. Hakukuwa na kikao ambamo diwani wa Haubi au wa Pahi angesimama na kusema: tunakubali vilima vipone, lakini mwenye ng'ombe watano alipwe nini, na nyika wanakopelekwa ng'ombe hawa itahimili vipi? Hayo yangesemwa, pengine amri ingetoka vilevile. Lakini ingetoka na majibu ndani yake.

Mtu anaweza kuniambia kwamba kungoja mashauriano kungeua vilima. Namheshimu anayesema hivyo, maana alichokiona kwa macho ni nyasi zilizorudi. Ila kwa jirani zetu wa Kenya lipo jambo la kujifunza. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe ili kuokoa ardhi ya Machakos. Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wakidai mifugo yao, na serikali ikalegeza msimamo. Miaka iliyofuata, hasa baada ya uhuru, wakulima wale wale walijenga matuta ya ngazi kwa mikono yao, milima kwa milima, kwa sababu shamba lilikuwa lao na faida ilikuwa yao. Idadi ya watu iliongezeka na udongo ukatulia. Machakos ilichukua muda mrefu kuliko Kondoa, ni kweli. Lakini huko hakuna anayelinda kilima kwa kuogopa mgambo.

Tuje karne hii. Mwaka 2012 Wilaya ya Kondoa iligawanywa, upande wa kusini ukawa Wilaya ya Chemba. Sensa ya mwaka huo iliwakuta watu 269,704 Kondoa na 235,711 Chemba. Kisha mwaka 2015 Kondoa yenyewe ikapasuliwa tena, ikaanzishwa Halmashauri ya Mji wa Kondoa yenye kata nane: Kondoa Mjini, Chemchem, Kilimani, Bolisa, Kingale, Serya, Suruke na Kolo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 80,443 katika Halmashauri ya Mji, 244,854 katika Halmashauri ya Wilaya ya Kondoa, na 339,333 Chemba. Halmashauri ya Wilaya nayo imehamishia makao yake Bukulu, nje ya mji.

Kuigawa wilaya kulikuwa na sababu nzuri. Mtu wa Kwa Mtoro, huko Chemba, kusafiri hadi Kondoa mjini kutafuta mhuri ilikuwa adha. Lakini angalia kata za huo mji. Kolo ni mji kwa sheria. Kwa macho ni mashamba, vilima, na miamba yenye michoro ya kale. Michoro hiyo ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, Mary Leakey akaichora na kuihesabu mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia, katika eneo la kilomita za mraba 2,336 linalovuka mipaka ya halmashauri. Serya na Kingale wanalima alizeti, ufuta, mahindi na uwele. Hao sasa ni wakazi wa mjini.

Na kuwa wa mjini si jina tu. Kijiji, kwa sheria zetu, kina halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndicho kinachosimamia ardhi yake. Huwezi kugawa ekari za kijiji bila mkutano mkuu kusema ndiyo. Mtaa hauna uwezo huo. Kijiji kinapogeuzwa mtaa, ardhi inaingia katika mipango miji, na neno la mwisho linahamia ofisi ya Mkurugenzi wa Mji. Mkulima aliyezoea kusimama mkutanoni na kupinga shamba kuchukuliwa, anajikuta mbele ya ramani ya viwanja. Kama hakuelezwa hayo kabla, basi ameporwa sauti, hata kama hakuporwa ekari moja. Katika kila kata ya mji wa Kondoa yenye mashamba, jambo hili linatakiwa lielezwe hadharani, kwa Kiswahili na kwa Kirangi, mpaka bibi aliyekaa nyuma kabisa alielewe.

Halafu kuna mgawanyo wa kazi. Barabara kuu ni ya TANROADS, na barabara za mji na vijiji, tangu 2017, ni za TARURA. Maji ya mjini ni ya mamlaka ya maji, na maji ya vijijini, tangu 2019, ni ya RUWASA. Vyanzo vya maji viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, iliyoko Singida. Misitu ya hifadhi ni ya TFS. Kodi ya majengo, iliyokuwa fedha ya mji wenyewe, mwaka 2021 ilianza kukatwa katika umeme wa LUKU. Kila chombo kina wataalamu wake, na wengi wanafanya kazi kwa bidii. Lakini mvua moja ikinyesha juu ya vilima, maji yake yanapita katika mikono yote hiyo kabla ya kufika Bahi. Mwananchi ambaye korongo limekula shamba lake anakwenda kwa diwani, na diwani hana fungu, hana mashine, hana hata mamlaka juu ya kalvati lililoelekeza maji pale.

Vilima viko zaidi upande wa Halmashauri ya Wilaya, chemchemi na bomba viko mjini, mchanga unaishia chini, na nyika zilizopokea mifugo ya 1979 sehemu yake iko Chemba. Kama miti ya juu ikikatwa kwa mkaa wa kuuzwa mjini, wanaokata ni wa halmashauri moja, wanaonunua ni wa nyingine, na hakuna baraza la madiwani hata moja linaloweza kuwaita wote wawili.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya ya Kondoa ziko chini ya Mkuu wa Wilaya mmoja. Anaweza kuwaita madiwani wa pande zote mbili mara moja kwa mwaka, kabla bajeti hazijafungwa, na kuwaalika wa Chemba, watu wa Bonde la Kati, TARURA, RUWASA na TFS. Ajenda iwe vilima tu: wapi pamefunguka upya, nani analisha wapi, mkaa unatoka wapi, kalvati gani linakata shamba la nani, na fedha ya kila upande ni shilingi ngapi. Kikao kifanyike wazi, na kama redio ya jamii iko karibu, kitangazwe moja kwa moja.

Na kabla ya kikao hicho cha kwanza, waitwe wazee. Kijana aliyeswaga ng'ombe wa baba yake kuteremka nyikani mwaka 1979 akiwa na miaka ishirini, leo amepita sitini. Wapo wengi bado, Haubi, Pahi, Kolo, na huko Kiteto na Chemba walikohamia. Waulizwe walikuwa na mifugo mingapi, walipeleka wapi, mingapi ilikufa, nani alibaki na mama nyumbani, na kilima cha kwao kinafananaje sasa. Majibu yao yaandikwe kwa majina ya vijiji, nakala moja ibaki ofisi ya Mkuu wa Wilaya na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa, ili afisa kijana atakayeletwa Kondoa mwakani aisome kabla hajatia saini amri yoyote inayohusu ng'ombe wa mtu.